Shoka Lililolala Chali

Ko. Ko. Kimya kidogo. Kisha, KWAA! Na vitu viwili vikaanguka, kimoja huku, kingine kule.

Sekunde alifumbua macho, lakini hakuinuka. Alisikiliza kwanza. Alikuwa fundi saa, na jina hilo la Sekunde alibandikwa na majirani kwa mwendo wake wa harakaharaka, likamganda hata mama mkwe wake akalizoea. Masikio yake yalikuwa nusu ya ufundi wake. Mteja akiweka saa mezani, yeye huiinamia na kuisikiliza, akajua inaumwa nini kabla hajaifunua mgongo. Sasa alikuwa akiusikiliza ua wa nyumba yake mwenyewe, na ua ulikuwa ukisema jambo asilolielewa.

Ko. Ko. KWAA!

Kuni zinapasuliwa, hilo halina ubishi. Lakini si kwa shoka. Shoka huja na upepo wake, ukasikia vuu, kisha ukasikia pigo. Hii ilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, asipofunguliwa akavunja mlango.

"Mke wangu?" aliita, akapapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka limepoa. Mke ameshaamka zamani.

Basi ni nani anayechanja kuni zake, kwenye gogo lake, na yeye mwenyewe yu hai, amelala? Alirusha miguu chini kwa hasira, na katika kurusha huko kidole gumba cha mkono wa kushoto kikagonga ubao wa kitanda. Akauma meno. Kidole kilikuwa kimefungwa bandeji, kinene kama andazi.

Wiki iliyopita shoka lilimparua. Si jeraha kubwa; ngozi ya ncha tu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kilichomuuma Sekunde si kidole. Kilichomuuma ni kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza kukosea. Kwanza shoka lilikipita kijiti likaling'ata gogo. Safari nyingine likakata pua ya kandambili yake, akashukuru Mungu vidole vya mguu vilikuwa vimejikunja kwa baridi. Kisha gumba. Yeye, mtu wa kushika springi nyembamba kuliko unywele na kuiweka mahali pake bila kupumua, leo anakosa kijiti kinene kama gunzi la mhindi!

Hakumwambia mtu. Alijiambia mwenyewe tu, kimoyomoyo, na jibu alilojipa lilikuwa chungu: mikono imekwisha. Na fundi saa asiye na mikono ni kitu gani? Ni mzee aliyekaa nyuma ya kioo akiwatazama wapita njia.

Kwa hiyo alikuwa ameshaanza kufungasha, kichinichini. Yule kijana wa kutengeneza simu alikuwa akiimezea mate meza yake ya dirishani tangu zamani, na juzi Sekunde alimwambia, "Njoo Jumatatu tuzungumze." Na saa ya mkewe, ile ndogo ya mkononi iliyosimama tangu mvua zilipoanza, ilikuwa imelala kwenye droo imeviringishwa kitambaa. Kila mke akiuliza, yeye hujibu, "Kipuri bado hakijapatikana." Hapakuwa na kipuri. Saa ilihitaji kufunguliwa na kusafishwa, basi. Ila aliogopa kuifungua.

Akavaa shati, akatoka.

Uani palikuwa pameshachangamka. Tanuri la matofali, ambalo mkewe huoka mikate ya kuuzia majirani, lilikuwa linasubiri moto wake. Mkewe amesimama mbele ya gogo, khanga imekazwa kiunoni, nyundo nzito ya mpini mfupi mkononi, na usoni amevaa miwani ya karakana, mikubwa, iliyomfanya afanane na chura aliyeshangaa. Pembeni yake, mikono kiunoni, amesimama mdogo wake wa kike, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche.

"Shikamoo, shemeji," Cheche alisema. "Tumekuamsha? Samahani, tulidhani umekwenda kuzikata saa kwa shoka."

"Marahaba. Na wewe umeamka mapema kuja kunitia nuksi." Akageukia gogo. "Hicho nini?"

Juu ya gogo, kimefungwa kwa boliti nne, kilisimama kitu cha chuma. Chini kina kitako bapa. Juu kina pete pana, ya kuingia mkate wa duara, imeshikiliwa na nguzo mbili. Na katikati, chini ya pete, umesimama ubapa wa chuma, makali yake yakitazama mbinguni.

"Shoka," Cheche alijibu.

"Shoka gani limelala chali?"

"Hilohilo. Limechoka kukurukia, limeamua kulala. Sasa kuni ndizo zitalifuata. Ubapa nimeutoa kwenye springi ya lori, pete ni kipande cha bomba. Dada, mwonyeshe mumeo."

Mkewe akaokota kipande cha ubao mkavu, ulionyooka, usio na fundo. Akakisimamisha ndani ya pete, juu ya makali. Akakigonga kichwani taratibu, ko, ko, mpaka makali yakakiuma na kikasimama chenyewe. Akaondoa mkono wa kushoto, akauweka nyuma mgongoni kama mwanafunzi anayesubiri kukaguliwa kucha. Ndipo akapiga. KWAA! Vipande viwili vikalala, kimoja huku, kingine kule. Akachukua kimoja, akakirudia. Punde mguuni pake pakawa na rundo la vibanzi vya kuwashia, vyembamba, vimelingana, vya kumtia mtu wivu.

"Umeona?" alisema, akipandisha miwani kwenye paji la uso. "Mkono hauko karibu na makali hata kidogo. Kuanzia leo, mume wangu, lile shoka lipumzike."

Maneno yalikuwa laini, lakini Sekunde aliyasikia vingine. Alisikia: na wewe upumzike. Damu ikampanda.

"Tangu lini mwanamume mzima akapasua kuni kwa kugongagonga kama anavunja karanga?" alisema. "Mimi nimechanja kuni za tanuri hili tangu tofali lake la kwanza! Kukwaruzika mara moja mmeniundia mashine?"

"Mara moja?" mkewe aliuliza. "Na kandambili ilijikata yenyewe?"

"Kandambili ilikuwa imechakaa."

"Pua tu ndiyo iliyochakaa, shemeji?" Cheche alidakia. "Tena imechakaa kwa mstari ulionyooka!"

Wakacheka wote wawili. Sekunde hakucheka. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akalitwaa shoka lake la zamani. Kulikuwa na kigogo kingine kando ya tanuri. Akasimamisha kijiti juu yake, akawatazama kwa dharau, kisha akakikazia kijiti macho.

"Mume wangu, weka chini."

"Ngoja."

"Nimesema weka chini! Una gumba moja tu lililobaki zima!"

"Angalau usikishike," Cheche alisema, safari hii bila utani. Akarudi nyuma, akamvuta na dada yake.

Sekunde alikiacha kijiti kimesimama. Akainua shoka kwa mikono miwili. Akakilenga kwa makini yake yote, makini ileile ya kutafuta skrubu iliyopotea ndani ya saa ya kike. Vuu! Shoka likapita mbele ya kijiti, upana wa kidole, likazama kwenye kigogo. Kijiti kilibaki kimesimama vilevile, hakijatikisika, kama mtu aliyesalimiwa akanyamaza.

Sekunde alitamani hata wangecheka. Aliachia mpini, akaitazama mikono yake, na safari hii hakuweza kuuficha uso.

Cheche hakupenda kimya. Kimya kilimwasha kama upupu. Basi akafanya lile alilolijua, akamtania. Akajongea kwenye kigogo, akachukua mwiko wa mkate akaufanya shoka, akainama, akabinua midomo, akafumba jicho la kushoto mpaka shavu likapanda likakutana na nyusi, akasema kwa sauti nzito ya Sekunde, "Ngoja!"

Mkewe hakujizuia, kicheko kikamtoka puani. Halafu kikakatika ghafla.

"Rudia," alisema.

"Ngo-ja!"

"Siyo hilo. Jicho. Kwa nini umefumba jicho?"

"Si ndivyo anavyofanya yeye!" Cheche alishangaa. "Hujaona? Akishika shoka tu, jicho moja linakwenda kulala."

Mkewe akamgeukia mumewe taratibu. "Unafumba jicho ukichanja kuni?"

"Mimi? Nifumbe jicho kwa nini?" Sekunde alisema. "Sifumbi."

"Hebu kilenge tena kile kijiti. Shoka liache hapo, tumia kidole."

Alikilenga, kwa shingo upande. Na hapo, kabla kidole hakijafika popote, yeye mwenyewe aliusikia: ule msuli mdogo wa shavu la kushoto ukijivuta, wenyewe, bila kuombwa ruhusa. Miaka na miaka kijilenzi cha kukuzia kilikaa kwenye jicho lake la kulia, na la kushoto likafumbwa lisilete fujo. Jicho lilikuwa limejifunza kazi yake vizuri mno. Kila Sekunde akitazama kitu kwa makini, lenyewe linafunga duka.

"Subiri," mkewe alisema. Akaokota kibanzi kirefu, akakishika wima mbele yake. "Fumba hilo jicho lako. Sasa lete kidole kutoka pembeni, haraka, uguse ncha."

Kidole kikapita mbele ya kibanzi, hewani.

"Tena."

Kikapita nyuma.

"Sasa fumbua yote mawili."

Kidole kilitua juu ya ncha kama nzi kwenye sukari. Alirudia. Kikatua. Mkewe akakisogeza kibanzi huku na huku, kidole kikakifuata na kukipata kila mara.

"Ukiwa na jicho moja hujui kitu kiko mbali kiasi gani," Cheche alisema, naye sasa anajaribu mwenyewe, anakosa, anacheka. "Saa iko puani pako, haina shida. Lakini kuni ziko chini huko, shemeji!"

Sekunde alikuwa hasikii vizuri. Kitu kilikuwa kinafunguka kifuani pake, taratibu, kama springi iliyokazwa kupita kiasi inayoachiwa. "Na mikono?" aliuliza. Sauti ilitoka ndogo, hakuitambua.

"Mikono gani?"

"Mikono yangu. Haitetemeki?"

Mkewe alimtazama. Aliiona sasa, yote kwa mkupuo mmoja: usingizi wa mang'amung'amu, chakula cha kudonoa, kunyamaza kwake karibu na droo ile. Aliichukua mikono ya mumewe, akainyoosha, viganja chini, akaweka kibanzi kimoja chembamba juu ya vidole vya kulia na kingine juu ya vile vya kushoto, kando ya bandeji.

Wakasubiri watatu. Jogoo wa jirani akawika, akarudia. Vibanzi havikusogea.

"Imetulia kuliko meza yangu ya unga," mkewe alisema. "Ile yenye mguu mfupi."

"Basi vua hiyo miwani unipe," Sekunde alisema, na sauti ikawa yake tena.

Alivaa miwani ya chura. Akasimamisha ubao ndani ya pete, akaugonga taratibu, ko, ko, mpaka makali yakauuma. Mkono wa kushoto akaupeleka mgongoni. Akainua nyundo.

"Macho mawili!" dada wawili wakapiga kelele kwa pamoja.

KWAA!

Loo, ile raha! Ubao ulipasuka kuanzia juu hadi chini kwa mlio mmoja mkavu, safi, usio na mashaka. Akapasua mwingine. Akapasua na mwingine. Akakuta wenye fundo, Cheche akampokonya: "Huo utayafanya makali yangu yaumwe jino, weka kando." Akaendelea. Vibanzi vikajaa kikapu, vikajaa karai, vikaanza kumwagika mpaka mlangoni pa jiko.

"Inatosha, jamani!" mkewe alilia. "Tanuri ni moja tu! Unataka kuoka mikate ya mtaa mzima?"

"Kwani haifai?" Kwaa! "Ila mtambo huu, Cheche, una kasoro."

"Kasoro gani?"

"Hauna jina."

"Umeshauita mwenyewe ulipotoka ndani. Shoka Chali."

Sekunde alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, kicheko cha tumbo. Mkewe aliinama kwenye mdomo wa tanuri, akapanga vibanzi, akawasha. Moto ulishika mara moja, bila moshi, ukaanza kuongea. Akakaa kwenye kigoda, akafuta mikono kwa khanga, na bila kumtazama mumewe akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Na kile kipuri cha saa yangu, baba? Kimefika leo, au bado kiko njiani?"

Cheche akakohoa, akajifanya anakagua boliti. Sekunde aliweka nyundo chini. Alivua miwani, ilimwachia maduara mawili mekundu usoni. Akachuchumaa mbele ya mkewe, karibu na joto, akaushika mkono wake penye ule mstari mweupe ulioachwa na saa.

"Kimefika," alisema. "Kesho asubuhi yule kijana wa simu akija, nitamwambia akatafute meza kwingine, maana yangu ina mwenyewe. Na kabla sijagusa saa ya mteja yeyote, nitaifungua yako. Kwenye kuni macho mawili, kwenye saa jicho moja. Jioni utakuwa nayo mkononi, inatembea. Nakuahidi, mke wangu, na shahidi ni huyo mdogo wako mwenye mdomo."