Tawi la Mwarobaini Kwenye Njia ya Mwendokasi

Jenipher hajawahi kuvunja sheria ya barabarani. Kama huamini, muulize mwenyewe. Atakwambia hata usipouliza. Pale Mtoni anakoishi, na shuleni anakofanya kazi ya ukarani, kila mtu anajua kwamba Jenipher huvuka kwenye pundamilia tu, huvaa helmeti hata kwa safari ya kwenda dukani, na kwamba siku Temeke nzima ikiwa kama yeye, trafiki wote watarudi kwao kulima.

Jumapili hiyo alitoka saa mbili asubuhi, kitenge cha njano kimenyooshwa, kilemba kimesimama. Alikuwa msimamizi wa Hope, mtoto wa mdogo wake Valerian, mwendesha bodaboda, kwenye kipaimara huko Mbagala. Misa saa nne kamili. Askofu hufika parokiani mara moja kwa mwaka, na mtoto asiye na msimamizi hurudishwa benchi mpaka mwaka mwingine. Hope alishausubiri mmoja tayari, maana mwaka jana surua ilimkamata wiki ileile. Tangu Alhamisi alikuwa akipiga kwa simu ya mama yake.

"Shangazi, utawahi?"

"Nichelewe mie? Mie?"

Na angewahi. Shida ni kwamba barabarani alimwona kijana wa bodaboda kapakia mshikaki, abiria wawili nyuma, hakuna hata mwenye helmeti, anapita taa nyekundu huku anatafuna muhogo. Jenipher akamfuata mpaka alipoegesha, hatua chache mbele, akamhutubia karibu saa nzima. Alianza na sheria, akapitia kwa wazazi waliomlea, akafika kwenye hali ya taifa. Kijana alipomaliza muhogo akasema, "Amina, mama mchungaji," akawasha pikipiki, huyoo.

Saa tatu ikawa imepita. Mbele, lori la mchanga lilikuwa limelala ubavu katikati ya Barabara ya Kilwa na foleni imeganda. Jenipher akachukua bodaboda wa kijiwe cha jirani, Brightson, mtu wa maneno mengi. Hata pikipiki ikakosa pa kupenya.

"Sista, tupite mwendokasi?" Brightson akaonyesha ile njia ya katikati, nyeupee.

"Ile njia ya mabasi! Unanijua mie vizuri?"

Hajamaliza, ukapita humohumo msafara wa bodaboda, kama thelathini, wameshika matawi, honi haziachii, wanalifuata gari lililobeba jeneza.

"Ona! Ona wahuni hao!" Jenipher aliwanyooshea kidole. "Kwa hiyo mtu akifa na sheria inazikwa naye?"

"Wanamsindikiza mwenzao, sista. Bodaboda akifa sie tunashika matawi. Hakuna anayekusimamisha."

"Upuuzi!"

Simu ikalia. Ujumbe wa wifi yake, Yustina: *Wifi uko wapi, tumeshapanga mstari. Hope analia.*

Jenipher akausoma mara mbili. Akaitazama njia ya mwendokasi. Akautazama mwarobaini uliosimama kando ya barabara.

"Brightson. Lile tawi la chini unalifikia?"

Brightson alicheka mpaka pikipiki ikatikisika.

Basi wakaruka ukingo. Jenipher nyuma, bila helmeti maana haikuenea juu ya kilemba, tawi juu, kilemba chenyewe kimeanza kufunguka.

"Piga honi! Ya huzuni!"

"Ya huzuni ikoje?"

"Ndefu!"

Walikwenda vizuri mpaka karibu na Zakhiem, ambapo trafiki mmoja, mama wa makamo, alisimama katikati ya njia na kunyoosha mkono.

"Msafara umeshapita. Nyie mnatoka wapi?"

Hapo Jenipher angeweza kusema ukweli. Badala yake akalia. Na alilia kweli, maana saa ya mkononi ilisema saa nne kasoro robo.

"Tumefiwa, afande."

"Poleni. Na nani?"

Akili yake yote ilikuwa kanisani, na mdomo ukachukua jina la kulekule. "Valerian."

Afande akashusha mkono. "Valerian wa kijiwe cha Mtongani? Mwenye pikipiki nyekundu?"

Jenipher akaitazama tena saa. "Huyohuyo."

"Mama yangu! Ndiye anayempelekaga mwanangu shule!" Afande akavua kofia, macho yakajaa. "Amelazwa wapi?"

"Yuko kanisani," akajibu Jenipher, akamtajia na parokia. Hapo walau hakusema uongo.

Wakaachiwa. Lakini nyuma yao afande alishakwenda kwenye kijiwe cha pale, na kumbe Valerian kila kijiwe cha barabara ile kinamjua. Watu wakampigia, simu yake imezimwa. Ingekosaje kuzimwa, mtu yuko misani? Wakaona basi, ni kweli. Haikupita muda Brightson akachungulia kioo.

"Sista, tuna wageni. Kama hamsini."

"Waambie warudi!"

"Niwaambieje? Kwamba kafufuka?"

Jenipher akaruka kwenye kona ya kanisa, akatupa tawi mtaroni, akafunga kilemba akikimbia. Aliwahi! Hope alikuwa bado mstarini, wa kwanza mbele. Jenipher akaweka mkono begani kwa mtoto, na mtoto akageuka akatabasamu, machozi hayajakauka.

"Umepitaje kwenye foleni ile?" Yustina akamnong'oneza kutoka benchi la karibu.

"Nilitoka mapema, wifi. Lakini mji huu hauna adabu! Bodaboda wamejaa njia ya mwendokasi na matawi yao, hata aibu hawaoni!"

"Je, mnamkataa Shetani," akauliza Askofu baada ya mahubiri, "na mambo yake yote?"

"Tunamkataa!" Sauti ya Jenipher ilipita zote.

Askofu alikuwa ameshachovya kidole kwenye mafuta matakatifu milango ilipofunguka. Wale bodaboda, waliokuwa wakisubiri jeneza nje, wakaingia kimyakimya, helmeti mkononi, matawi yameinamishwa. Mbele yao afande, macho mekundu, anatafuta jeneza. Hakuliona. Alimwona Valerian, kasimama benchi la pili katika koti la kuazima, mzima kabisa.

"Valerian?"

"Shikamoo, afande." Valerian alishangaa. "Mbona leo Jumapili? Mtoto haendi shule."

Huko nyuma mtu akaangusha helmeti. Afande akapitisha macho kanisa zima, benchi kwa benchi, mpaka yakatua mstarini.

"Yule pale. Mwenye kitenge cha njano. Kalia mbele yangu, kwamba huyu kafariki!"

Kanisa likageuka. Jenipher akafungua mdomo kuwasema bodaboda wanaoingia misani na matawi. Hope akainua mkono, akachomoa kitu kwenye kilemba cha shangazi yake: kijiti cha mwarobaini, na majani yake.

"Shangazi, baba kafariki lini?"

Askofu akampaka Hope mafuta kwanza, maana mtoto hakuwa na kosa. Kisha, kidole bado kinang'aa, akainua macho.

"Na wewe, msimamizi," akasema taratibu, "hebu nikumbushe. Ulisema unamkataa nani?"