Mpiga Besi wa Soksi

Lonzell Tibbs alikuwa amechoka kabla siku haijaanza. Alikaa kiti cha mbele cha gari la bendi, gitaa lake la besi limesimama katikati ya magoti, na barabara ya kwenda Cincinnati, walikokwenda kurekodi santuri, ikapita dirishani bila yeye kuitazama. Nyuma yake wenzake walikuwa wakitaniana. Alijua wanataniana kwa sababu kiti kilitikisika kila walipocheka. Maneno yenyewe hakuyapata.

Sikio lake la kushoto lilikufa miaka mitatu nyuma, baada ya onyesho moja kule Toledo. Kwa miaka tisa alikuwa amesimama upande ule ule wa jukwaa, na matoazi ya mpiga ngoma wao, Cleophus Rudd, yakipigwa shibiri mbili tu kutoka kichwani pake. Sasa na la kulia lilikuwa limeanza kuaga.

Na bado hakuna mpiga besi aliyeigwa kama yeye katika mji wao wote wa Dayton. Kwenye muziki wa fanki mwimbaji anaweza kupotea, tarumbeta zinaweza kupotea, ila besi na ngoma ya mguu sharti ziangukie pamoja kwenye pigo la kwanza. Wenyewe huliita Moja. Ukiikosa Moja hakuna muziki, kuna kelele tu za watu waliokutana njiani. Tangu sikio limsaliti, Lonzell aliitafuta Moja kwa nyayo. Alivua viatu akasimama kwa soksi juu ya ubao wa jukwaa la ngoma, na kila Cleophus alipokanyaga, pigo lilimpanda kutoka kisigino hadi kiunoni, na dole gumba likashuka lenyewe kwenye waya.

Watu wakaona soksi. Basi. Mwaka haukuisha, kila kijana wa besi upande wa magharibi wa mto alikuwa akivua viatu. Kwenye mashindano ya bendi mmoja alikanyaga msumari, akamaliza wimbo huku damu inamtoka, akashangiliwa. Wengine walibishana kama siri iko kwenye soksi za pamba au za sufu. Lonzell akiulizwa alitabasamu tu. Watu wakikudhania mganga, utaanzia wapi kuwaambia wewe ndiye mgonjwa?

Mkewe, Vernita, alikuwa amejua ukweli kwa siku tatu tu. Jumanne alikwenda darasa la jioni, akamwachia Lonzell binti yao Latrice, wa miezi sita. Aliporudi alisikia kilio tangu yuko barabarani. Akamkuta mumewe jikoni anamenya viazi, mgongo ameuelekeza mlangoni, ametulia kama mtu aliye peke yake duniani. Chumba cha pili mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, kope zimevimba, kifua kinaruka kwa kwikwi. Vernita alimnyonyesha amesimama, koti bado liko mwilini, blauzi imelowa maziwa upande mmoja. Hakupiga kelele. Alimgusa mumewe begani ili amtazame mdomo.

"Tangu lini?"

"Toledo."

"Harlan anajua?"

"Harlan akijua, ananitoa kwenye bendi, ninarudi kiwandani."

"Mficha uchi hazai, Lonzell."

"Mbona nimeshazaa?" alisema, akimnyooshea kidole Latrice.

Vernita hakucheka. Lonzell akaahidi kwamba atasema, lakini baada ya santuri hii. Hii moja tu.

Studio ilikuwa mpya, na Harlan Peake, mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi, aliizunguka kama mtu aliyenunuliwa nyumba. Kampuni ilitaka sauti safi safari hii, akawaeleza. Kila chombo kisikike peke yake. Cleophus angekaa na ngoma zake ndani ya chumba cha vioo, mlango umefungwa, na wengine wangemsikia kwa spika za masikioni.

Lonzell alivua viatu. Chini palikuwa zege, na juu ya zege zulia nene. Alikanyaga huku na huku. Ilikuwa kama kusimama juu ya godoro.

"Haya, mganga yuko tayari," Harlan alisema, na wapiga tarumbeta wakacheka. "Tupige."

Wakapiga. Ndani ya spika zile sauti zote zilimfikia Lonzell zimechanganyika kama uji. Alimkodolea macho Cleophus kupitia kioo, akajaribu kufuata goti lake, lakini jicho huchelewa. Moja ikapita, naye akafika baada yake.

"Tena," Harlan alisema.

Mara ya pili aliogopa kuchelewa, akawahi. Mara ya tatu hata mpiga trombone aligeuka kumtazama.

"Lonzell, kaka, umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi umelala? Maana hata shangazi yangu wa kanisani, na meno yake ya bandia, angeingia pale."

Darnetta, msichana wa vinanda, alikohoa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuwa na ubaya na mtu. "Kaka Harlan, kama Kaka Lonzell hajisikii vizuri, hii mashine ya kinanda ina sauti ya besi. Naweza kuishika kwa mkono wa kushoto, tusipoteze asubuhi."

"Hebu."

Akaipiga. Lonzell hakuhitaji kusikia. Aliona vichwa vya wapiga tarumbeta vikianza kuitikia, kimoja, kisha kingine, na Harlan mikono kiunoni, anatazama kile kinanda kama mtu anayepiga hesabu.

"Dakika kumi," Harlan alisema. "Kanyweni kahawa."

Cleophus alimfuata mpaka kwenye korido. Alikuwa bonge la mtu, na siku hiyo alikuwa akichechemea. Alimzunguka Lonzell akasimama upande wa kulia, ule unaosikia, ndipo akafungua mdomo. Hapo Lonzell akajua.

"Nani kakwambia?"

"Nimekaa nyuma yako miaka kumi na miwili, we mtu. Toledo nilikuita jina mara nne. Nikasema huyu ama ana deni langu ama ni kiziwi."

"Na hukusema neno?"

"Wewe ulisema?" Cleophus akajishika goti la kulia, akalisugua. "Unaliona hili? Daktari anasema limelika kama la mzee wa miaka sabini. Miaka mitatu nakanyaga ngoma kwa ajili ya watu wawili, ili ikufikie wewe. Mke wangu ananiuliza kwa nini siku hizi napiga kwa hasira."

Lonzell alilitazama lile goti. Yeye alikuwa amedhani anabeba siri yake peke yake, kumbe mzigo wenyewe ulikuwa kwenye goti la mwenziwe.

"Sikiliza," Cleophus alisema. "Tumwambie Harlan una homa. Turudi Jumatatu. Mimi nitakupa ishara kwa kichwa, kila Moja, hivi..."

"Halafu shingo nayo iende?"

"Shingo yangu ni mpya."

Walicheka kidogo, cheko la watu waliochoka. Kisha Lonzell akarudi ndani, akasimama mbele ya Harlan kwa soksi zake.

"Sikunywa," alisema. "Sisikii. La kushoto halipo kabisa, la kulia linakwenda. Nimekuwa nikipiga kwa miguu, na hapa chini hakuna kitu."

Harlan alimtazama usoni, akamtazama miguuni, akarudi usoni.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu unanidanganya jukwaani kwangu!" Kofia yake ilikuwa mkononi, akaitupa juu ya amplifaya. "Miaka mitatu! Na mimi nawaambia waandishi wa magazeti kwamba huyu ndugu anaunganika na ardhi!"

"Sikukutuma useme hivyo."

"Na wale watoto wote kule nyumbani? Wanaopiga kwa soksi kwenye baridi, wakapata mafua kila Februari?"

Mpiga trombone alijaribu kujizuia akashindwa, na kicheko kikashika chumba kizima. Harlan peke yake hakucheka. Alikaa kitini, akajipangusa uso kwa viganja, na Lonzell akaona kwamba naye ni mtu aliyezeeka kwenye gari la bendi.

Buehler, fundi wa mitambo, Mzungu mwembamba asiyependa kuingilia, akagonga kioo cha chumba chake. "Samahani. Besi inakuja kwangu kwa waya moja kwa moja. Sauti ya ngoma haiwezi kuvujia humo. Anaweza kukaa popote. Hata huko ndani na ngoma."

"Anaweza?" Harlan akauliza.

"Hata juu ya ngoma, kama wanapendana."

Wakamweka ndani ya chumba cha vioo. Lonzell alikaa juu ya ubao wa jukwaa la ngoma, mgongo ameubana kwenye mbao za ngoma kubwa, pamba masikioni. Cleophus alipokanyaga, pigo lilimwingia kwenye uti wa mgongo. Wakapiga wimbo wote mara moja, bila kukosea. Kwenye kioo aliona Harlan amefumba macho.

Walirekodi wimbo wa pili, na wa tatu. Harlan akaja akafungua mlango wa kioo.

"Mwezi ujao ni Atlanta, kisha pwani yote," alisema, polepole, ili midomo isomeke. Hakuwa na hasira tena. "Jukwaani mbao zipo. Kama unataka, kiti ni chako."

Lonzell alijua jibu ambalo angelitoa wiki iliyopita. Alimtazama Cleophus akinyoosha mguu kwa mikono miwili kama mtu anayenyoosha wa mwingine. Akafikiri juu ya miji kumi na saba, na yale matoazi, na kilichobaki katika sikio moja.

"Santuri nitaimaliza," alisema. "Safari sitaweza, kaka. Kiti mpe Darnetta."

Harlan akamshika bega, akaondoka.

Walipokula samaki wao wa kukaanga na mkate mweupe, Darnetta alikuja amejishika mikono nyuma.

"Kaka Lonzell, mimi sikutaka..."

"Najua. Kaa. Piga ile sehemu."

Akapiga. Lonzell aliweka kiganja juu ya mbao za kinanda, macho amefumba.

"Unaikimbilia Moja kama basi la mwisho," alisema. "Iache ikufikie. Ukiona imechelewa, subiri kidogo tena."

"Nikisubiri nikaikosa je?"

"Utaikosa. Leo utaikosa mara nyingi. Piga."

Msichana akavuta pumzi, akaweka mkono wa kushoto mahali pake, akaanza upya.