Ndoo Yenye Mfuniko

Kiwandani tulimpachika jina la Mkasi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkataji mkuu wa sare za shule, na mashati mia nne yakipita mkononi mwake yanatoka yote sawa, kola haizidi kola hata kwa uzi. Mimi nashona. Cherehani yangu iko hatua sita kutoka meza yake ya kukatia, kwa hiyo niliyaona yote, na mengine niliyanyamazia. Hilo nalo nitalisema.

Polio ilimpitia akiwa mtoto, ikamwachia mguu mmoja mwembamba. Alitembea kwa fimbo, akisimama kutwa nzima kama sisi. Mwaka juzi miguu yote miwili ikagoma. Daktari akamkataza kusimama, akampatia kiti cha magurudumu na barua ya kumpelekea mwajiri. Barua iliomba mambo mawili tu. Kwanza, meza yake ya kukatia ipunguzwe miguu. Pili, aruhusiwe kutumia choo cha wageni kilicho karibu na ofisi, chenye mlango mpana na bakuli la kukalia. Vyoo vyetu wafanyakazi viko nyuma, juu ya ngazi nne, ni vya kuchuchumaa, na milango yake hata mtu mwembamba hupita ubavu.

Choo cha wageni kilipigwa kifuli. Ufunguo aliushika ofisa utumishi, mtu wa kunukia marashi, ambaye hutabasamu kwa meno tu, macho hayamo.

"Dada yangu, hili tumelipokea," alimwambia Mkasi. "Tunalishughulikia."

Wakalishughulikia wiki, wakalishughulikia mwezi. Akiuliza utumishi, faili liko kwa bosi. Akienda kwa bosi, faili limesharudi utumishi. Danadana tupu. Siku moja ofisa akachoka kudanganya, akamwambia ukweli wake.

"Tukikufungulia wewe, kesho kila mtu atasema naye anaumwa mguu. Halafu wageni wetu watajisikiaje?"

Watajisikiaje. Nilikuwa mlangoni nimebeba mashati, nikalisikia neno hilo kwa masikio yangu.

Mkasi akaacha kunywa maji. Kikombe kimoja asubuhi kabla ya kutoka kwake, basi, mpaka arudi jioni. Midomo ikampasuka. Meza nayo ilimfika kifuani, akawa anakata mikono ikiwa juu kama mtu anayeanika nguo, na saa za kutoka mabega yamevimba. Mwezi wa tano tangu alete barua, homa ikamwangusha. Uchafu wa mkojo uliobanwa ulikuwa umepanda mpaka kwenye figo. Alilazwa siku tisa. Shemeji, yaani mumewe, alikuja kuleta karatasi ya hospitali, akamkabidhi ofisa bila neno, maana alijua akifungua mdomo atatukana.

Mkasi aliporudi, ofisa akampokea kwa furaha. "Tumekufikiria," akasema.

Akatuongoza mpaka stoo ya vitambaa, mimi nikisukuma kiti. Nyuma ya majora ya kitambaa cha buluu palikuwa na pazia la vipande vya masalio, pazia tulilolishona wenyewe bila kuambiwa ni la nini. Ofisa akalifungua. Ndani kulikuwa na ndoo nyekundu ya plastiki, yenye mfuniko, na juu ya mfuniko karatasi ya chooni.

"Faragha kabisa," akasema. "Mtu wa usafi nimeshaongea naye, atakuwa anamwaga jioni."

Huyo mtu wa usafi ni mama mtu mzima, umri wa kumzaa ofisa mara mbili.

Mkasi aliitazama ile ndoo kitambo. Mahali penyewe palinuka dawa ya vitambaa na mavi ya panya. Kisha akasema kwa adabu kabisa, "Asante. Mdogo wangu, hebu nipe hiyo ndoo, halafu nisukume."

Akaipakata. Tukapita katikati ya ukumbi wa cherehani, mashine zikinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ofisini kwa bosi, aliyekuwa na wateja wawili. Mkasi akaiweka ndoo mezani kando ya vikombe vya chai, akachomoa karatasi ya kuchorea vipimo na kuandika mistari miwili.

"Bosi, samahani kwa kukatiza. Nimeandika kwamba leo kiwanda kimenipa ndoo hii iwe choo changu, stoo. Naomba sahihi yako hapa chini."

"Ondoa uchafu huu mezani kwangu."

"Ni safi, bosi, haijatumika. Na kama ni msaada, mbona mkono unakuwa mzito?"

Hakutia sahihi. Mteja mmoja akakisogeza kikombe chake mbali na ndoo, polepole, kwa ncha za vidole. Huyo naye alinichefua.

Tulipotoka nikamwambia, "Dada, mambo ya choo haya, watu watayasema. Huoni haya?"

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Mimi nakojoa, na bosi anakojoa. Haya inatoka wapi?"

Kesho yake alipeleka ofisi ya kazi barua ya daktari, karatasi ya hospitali, na ile karatasi isiyotiwa sahihi.

Mkaguzi akatoa taarifa kwamba atafika Jumanne. Jumatatu kifuli kikang'olewa. Choo cha wageni kikasuguliwa mpaka kikang'aa, kikawekewa sabuni mpya na taulo. Seremala akaitwa, akaikata miguu ya meza kwa msumeno. Nilimpima kwa saa ya ukutani: dakika arobaini. Miezi mitano mtu ameharibiwa mabega kwa kazi ya dakika arobaini.

Halafu ofisa akaniita. "Wewe ndiye jirani yake. Ukiulizwa, choo kimekuwa wazi tangu siku alipoleta barua. Na nafasi ya usimamizi iko wazi, unajua."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilisema, "Nimesikia." Neno hilo mpaka leo lina ladha ya nyongo mdomoni mwangu.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi, viatu vimejaa vumbi, tepu ya kupimia mkobani. Alipima mlango wa choo, akapima meza, akapitisha kidole pale miguu ilipokatwa, na unga wa mbao ukamganda kidoleni. Bosi alimfuata nyuma akimweleza kwamba kiwanda hiki ni familia. Mkaguzi akanigeukia.

"Wewe unakaa hapa kila siku. Choo kile kilifunguliwa lini?"

Ofisa alinikazia macho. Mkasi hakunitazama, alikuwa anakata.

"Sijui," nikasema.

Mkasi wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Hakunilaumu hata kwa jicho, na hapo ndipo niliposhindwa. Kichefuchefu kilinishika, cha tumboni kweli, kama mtu aliyekula kitu kilichooza, ila kilichooza kilikuwa mimi. Mkaguzi alishapiga hatua tatu kuondoka.

"Mama," nikamwita. "Nimesema uongo. Kimefunguliwa jana. Kabla ya hapo walimpa ndoo. Njoo nikuonyeshe."

Pazia walikuwa wameliondoa, lakini misumari ilibaki ukutani, na ndoo walikuwa wameisukumia nyuma ya majora. Mkaguzi akaufungua mfuniko, akaufunga.

"Miaka kumi na tisa kazini," akasema, wala hakuwa akiniambia mimi.

Amri ililetwa kwa maandishi. Mkasi apewe ufunguo wake mwenyewe. Meza ibaki ilivyo. Mlango wa kuingilia ujengewe mteremko wa zege. Siku alizolazwa zisikatwe kwenye likizo yake. Walipewa siku thelathini, wakamaliza ya ishirini na nane.

Kisha yakaja yaliyonitia kinyaa kuliko ndoo. Bosi akafanya sherehe. Utepe ukafungwa kwenye mlango wa choo, mpiga picha akaitwa, nasi tukasimamishwa mistari. Bosi akahutubia juu ya upendo na juu ya "dada yetu shujaa". Aliyepiga makofi kuliko wote ni ofisa utumishi. Wakamkabidhi Mkasi mkasi mpya akate utepe, wakaucheka utani wao wenyewe.

"Hicho ni kilemba cha ukoka, mimi sikivai," akasema. "Mniwie radhi, nimebanwa."

Akasukuma magurudumu. Utepe ukakatikia magotini mwake, mlango ukafungwa kwa ndani, komeo likalia. Bosi akabaki ameshika hotuba yake, bado kurasa mbili. Hakuna aliyecheka. Tukarudi kwenye mashine.

Ofisa bado yupo kazini. Wageni wakija huwaambia kwamba yeye ndiye aliyempigania mama wa watu. Usimamizi alipewa mwingine. Mjamzito anayeshona vifungo huomba ufunguo kwa Mkasi, naye humpa bila swali.

Ilinichukua wiki mbili kumwomba radhi kwa lile "sijui". Alikuwa anachora kola.

"Liliniuma," akasema. "Lakini ulilitapika mwenyewe, sikukutia kidole. Nishikie kitambaa hapa, usikivute."

Nikamshikia. Ofisa akapita na marashi yake. "Habari za kazi, akina mama?"

Mkasi akaendelea kukata, na mimi nikaendelea kushika.