Chumba cha Mama Kinaomba Joto

Mume wangu Tavi hakuinunua themostati ile, aliiposa. Vuli nzima akirudi kazini anasukuma sahani ya supu pembeni, anafungua simu na kuanza kulinganisha vidude hivyo vya kuamuru joto la nyumba. Kulikuwa na iliyojifunza yenyewe saa zenu za kuamka na kulala. Kulikuwa na iliyojua kama nyumbani kuna mtu au hakuna. Kulikuwa na iliyozungumza, na hiyo nilimwambia akiileta itabidi mmoja wetu ahame, kwa sababu wasemaji nyumba yetu ilikuwa nao wa kutosha.

Msemaji mkuu alikuwa mama mkwe wangu, Paraschiva. Alihamia kwetu mjini Suceava, ghorofa ya nne, miguu ilipomkatalia kupasua kuni kijijini. Kule alikuwa na jiko la matofali, kubwa kama kitanda, akililisha kwa mkono wake na kuliegemeza mgongo jioni. Kwetu moto ulikuwa ndani ya boila ya gesi jikoni, na maji ya moto yalipita mabombani hadi kwenye radieta, vile vyuma vilivyo chini ya madirisha. Mama hakuuamini moto asiouona. Alizungusha kitufe cha ukutani hadi nyuzi ishirini na saba, halafu akafungua dirisha, kwa sababu chumba kisicho na hewa, alisema, ni kaburi.

Tavi alipolikuta dirisha lile wazi alikaribia kuzimia. Tuseme ukweli, mume wangu kwenye joto ni mkono wa birika. Lakini nimtetee kidogo. Alikuwa mtoto miaka ile serikali ilipokata joto kwenye maghorofa, na mama yake alimlaza kifuani, amemfunika koti lake, chupa za maji moto miguuni, na oveni imeachwa wazi usiku kucha. Mtoto wa hivyo akikua huwa mfujaji au huwa mchoyo. Wangu alitoka mchoyo. Nyuzi kumi na tisa ndiyo afya, alisema, kama mtu asomaye Injili.

Mwishowe akachagua yenye kufuli. Kila chumba kiliwekewa kidude chake cheupe ukutani, mviringo kama kisosi, na vyote vilitii simu ya Tavi peke yake. Ukibonyeza cha kuongeza, simu yake inalia na kuandika jina la chumba, na chini vitufe viwili: Kubali na Kataa. Usiku wa manane kila chumba hurudi chenyewe kwenye kumi na tisa, hata kama jioni ulikubaliwa.

Mama alimwomba amtafutie cha kuzungusha, cha kawaida tu.

"Mimi sijawahi kuomba ruhusa ya kuwasha moto, baba," alimwambia. "Hata baba yako sikumwomba."

"Basi utajifunza uzeeni, mama," Tavi akasema, na sote watatu tukacheka.

Akajifunza. Kila jioni kabla ya taarifa ya habari alibonyeza, na simu ya Tavi ikalia: *Chumba cha Mama kinaomba joto.* Siku nyingine Tavi alimpa uzi mmoja, siku nyingine alikataa, na mama akapiga kelele nyuma ya ukuta kwamba kamanda amemgandisha. Ulikuwa mchezo wao. Mimi nilimpelekea blanketi na kunyamaza, maana mwenye akili haingilii ugomvi wa mama na mwanawe.

Jioni moja ya Februari Tavi alikuwa kazini, anakagua mabomba ya maji ya mji. Simu ikalia, akabonyeza Kataa bila kutazama, kama mtu anayefukuza nzi. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta mama kwenye kiti chake, shali magotini, amekwisha kwenda. Moyo, alisema daktari. Tavi alimuuliza tena na tena kama baridi ilihusika, na daktari, mtu mpole, akajibu kila mara kwamba haikuhusika hata kidogo. Nilimwamini daktari. Tavi alitikisa kichwa tu.

Hazikupita siku nyingi baada ya maziko, mama akanijia ndotoni. Alikuwa amesimama kwenye korido yetu, soksi miguuni, ananitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeshika funguo. Akasema, "Smaranda, nina baridi."

Kwetu marehemu akikujia akasema anataka kitu, hukai ukatafuta maana yake. Unampa mtu aliye hai kitu hicho hicho kwa jina la marehemu, na huko aliko kinamfikia. Nikamgongea bibi Leontina wa ghorofa ya pili, mjane na rafiki wa mama, nikampa koti zuri la mama, blanketi la sufu, na soksi mpya. Akapokea, akamtaja marehemu, akasema, "Mungu amfikishie." Nikarudi juu moyo mweupe.

Jioni ile ile, kabla ya taarifa ya habari, tumekaa mezani, simu ya Tavi ikalia. Aliisoma, akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akaendelea kula. Nikaichukua mimi.

*Chumba cha Mama kinaomba joto.*

Mlango wa chumba kile nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Tulikwenda pamoja. Kiti kilikuwa mahali pake, kitanda kimetandikwa, na ukutani kile kisosi kikiwaka namba ya nyuzi alizokuwa akizipenda. Tavi alisema ni hitilafu. Akakibandua, akatoa betri, akazitupa kwenye droo ya jikoni. Kesho yake jioni simu ililia vilevile.

Basi akaanza kuchagua upya. Vipeperushi vya themostati vikajaa mezani, nyota za wanunuzi, maoni ya watu wasiojulikana. Nilimwacha asome. Wakati huohuo mimi nilikuwa nahesabu kuelekea arobaini, na nilijua nitakachofanya.

Siku ya arobaini tulipika sarmale, nyama iliyofungwa kwenye majani ya kabichi, na ile ngano tamu ya wafu, padri akaja, tukapanga juu ya meza vitu vya kutolewa kwa roho ya mama: sahani, kikombe, kijiko, taulo, mshumaa. Kando ya mshumaa nikaweka kile kisosi cheupe kwenye boksi lake. Padri alikitazama sana, lakini alikuwa kijana wa siku hizi, akakinyunyizia maji ya baraka pamoja na vingine. Bibi Leontina akapokea vyote. Tavi alisimama mlangoni mikono nyuma, uso mwekundu, na sikujua kama ni aibu au ni machozi.

Nilidhani tumemaliza. Jioni yake simu ikalia.

Nilishuka ngazi mbio, nimeshikwa na hasira badala ya woga, nikamuuliza bibi Leontina kama amekigusa. Alinionyesha. Kilikuwa chini ya sanamu ya Bikira, bado boksini, na tundu la betri tupu. Betri zilikuwa kwenye droo yetu. Nikakaa kwenye kochi lake, nikamwambia kila kitu, tangu kufuli hadi ile Kataa ya mwisho.

Bibi Leontina hakushangaa hata kidogo. Alinimiminia chai, akaniambia habari za dada yake.

"Marehemu dada yangu tulimtolea viatu vipya, vizuri kabisa. Haraka haraka, hatukukata uzi wa dukani unaofunga kiatu cha kushoto na cha kulia pamoja. Akanijia, mwanangu, anarukaruka kama shomoro. Ananiambia, Leontina, mmenipa viatu au mmenipa pingu?" Akanywa chai. "Kitu hufika kama kilivyotolewa. Nyie mmempa chombo na kufuli lake. Anacho, ndiyo. Lakini kila jioni lazima amwombe mwanawe."

Kutoa ni moyo, husemwa, na sisi tulikuwa tumetoa kwa mkono mmoja huku wa pili umeshikilia.

Nilimweleza Tavi. Nilitegemea anicheke, mtu wa vipimo yule. Hakucheka. Simu ilipolia akaitazama kwa muda mrefu, kisha akabonyeza Kubali. Nikamwambia vizuri, sasa fungua kufuli kabisa, kifute kwenye simu yako, mwachie mwenyewe. Akasema atafanya kesho.

Kesho yake akasema hivyohivyo. Nikaanza kuona jambo ambalo sikulipenda. Tavi alikuwa anarudi nyumbani mapema. Alinyoa. Alikaa kwenye kiti cha mama, simu gotini, akisubiri saa ile, na ikilia uso wake unafunguka. Anabonyeza Kubali, halafu anakaa gizani akitabasamu. Usiku wa manane chombo kinarudi kumi na tisa kama alivyokipanga yeye mwenyewe vuli, na jioni mama anaomba tena. Vipeperushi alivitupa. Chakula kilipoa mezani. Mimi niliyekuwa hai nikawa napita koridoni bila kuulizwa kama nimekula.

Nilimwogopa mama siku za mwanzo. Sasa nilimwogopa mume wangu.

Ikafika Alhamisi Kuu, kabla ya Pasaka. Kijijini kwa mama siku hiyo huwashwa mioto uani na makaburini, wafu waje waote. Ghorofa ya nne huwashi moto popote, kwa hiyo niliwasha mshumaa dirishani nikaendelea kupika mayai mekundu ya Pasaka. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka mjini, na Tavi alikuwa chini ya ardhi, mahali simu haishiki. Saa ile ikapita. Taarifa ya habari ikaanza, ikaisha.

Tavi alipanda ngazi akihema, matope hadi magotini. Alipotoka ardhini na simu ikapata mtandao, iliandika kitu nisichowahi kukiona: *Ombi limekwisha muda.* Hakuvua hata viatu. Tulifungua chumba cha mama.

Radieta ilikuwa ya moto. Niliigusa nikarudisha mkono upesi. Lakini pumzi zetu zilitoka kama mvuke. Nje miti ilikuwa imechipua, watu wanatembea bila makoti, na dirisha la mama lilikuwa limeganda barafu kwa ndani, nyeupe, kutoka juu hadi chini. Ukutani, pale kisosi kilipokuwa kimebanduliwa, plasta ilikuwa na alama moja iliyolowa, ndogo, ya ncha ya kidole. Palibonyezwa, palibonyezwa, palibonyezwa, hadi rangi imeanza kuchubuka.

Tavi aliweka kidole chake hapo akakiondoa.

"Mwachie," nikamwambia.

"Nikimwachia hataniomba tena."

"Ndiyo."

"Smaranda, hii ndiyo sauti yake iliyobaki."

"Ulipokuwa mdogo, ukisema mama nina baridi, aliwahi kukuambia subiri nipate mtandao?"

Lilikuwa neno kali na sikuliomba msamaha. Alikaa kwenye kiti cha mama na matope yake, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini. Kisha akafungua simu, akatafuta mahali pa kukifuta chombo. Simu ikamuuliza: ukimwachia mwenyewe, hutapokea tena taarifa zake, unaendelea? Nilimwona akisoma maneno yale kana kwamba yameandikwa kwa lugha ya watu wengine. Sikumsaidia, kwa sababu sadaka haitolewi kwa mkono wa jirani.

Akabonyeza Kubali.

Barafu ilianza kutiririka pale pale. Maji yalishuka kwenye kioo, yakajaa kizingitini, yakadondoka juu ya radieta yakichemka kidogo. Nikaenda kuchukua kitambaa.

Baada ya Pasaka Tavi alinunua themostati nyingine. Aliichagua kwa muda wa kuchagua mkate: ya kuzungusha, nyeusi, haina simu wala akili. Lakini jioni, kabla ya taarifa ya habari, bado aliitoa simu mfukoni na kuiweka mezani, kioo juu, na kuitazama. Haikulia. Nikampa chakula, akala.

Jumapili moja bibi Leontina alikuja na kipande cha keki ya Pasaka kwenye leso, akakaa jikoni, akasema amemwota Paraschiva.

"Amevaa gauni la mikono mifupi, mashavu mekundu kama msichana. Na kafungua dirisha wazi kabisa. Nikamwambia, Chiva, unapoteza joto. Akasema, joto ni langu."

Tavi alicheka hadi akafuta macho. Kisha akakunja leso ya bibi Leontina, akaikunjua.

"Aliniulizia?"

Bibi Leontina hadanganyi juu ya wafu, hata kwa wema.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hakuomba kitu."