Kipande cha Mousse

Natangaza rasmi, kwa heshima zote, kwamba mzaha wangu bora wa mwaka huu ulifaulu, na kwamba tangu Jumanne mwili wangu hausikii kitu.

Mwalimu Nazario alikuwa akitufundisha tundra: baridi kali, mvua haba, mti hakuna. Ardhi imeganda mwaka mzima, na wakati wa joto huyeyuka juu tu, kiasi cha jembe kuzama. Wanyama wanaoitwa renne hufukua theluji kwa kwato wakitafuta cha kula.

"Kesho kila mmoja alete mousse," akasema.

Kwa Kifaransa, lugha ya masomo yetu, mousse ni vile vijimea vya kijani vinavyotandaa juu ya mawe, hata huko tundra. Lakini mousse ni sponji ya godoro pia.

Vumilia, wa kitanda cha jirani, alikulia Tanzania. Familia yake ilirudi Gasorwe, kule Muyinga, mwaka juzi, na Kifaransa chake kilikuwa bado cha kuazima. Bwenini akaniuliza, "Farida, mousse ndiyo nini?"

"We nawe! Si ile unalalia?"

"Godoro? Kwenye baridi yote ile?"

"Sasa ulitaka renne alale chini, dada?"

Akacheka. Nikadhani ameelewa kuwa natania.

Asubuhi aliweka mezani kipande cha sponji, kimekatwa mraba safi kama mche wa sabuni. Darasa zima likalipuka. Mimi nilicheka kuliko wote, ndiyo.

Godoro lilikuwa mali ya shule. Mama Melania, prefe wetu, yaani msimamizi wa nidhamu, hakucheka hata kidogo: Vumilia afukuzwe, arudi Muyinga siku hiyohiyo.

Nilipofika ofisini, Vumilia alikuwa amesimama na sanduku lake. Barua ilikuwa ikiandikwa.

"Mama prefe, mi ndiye nilimdanganya."

"Farida, mwezi jana uliniambia kuna mamba kwenye tangi la maji. Toka."

"Safari hii ni kweli."

"Hata ya mamba uliapa."

Nikamgeukia Vumilia. "Mwambie, tafadhali."

Alinitazama kama mtu anayesoma neno asilolijua.

"Alisema ni ile ninayolalia," akasema taratibu. "Nilidhani ananisaidia."

Mama Melania akaichana barua, akachukua karatasi nyingine, akaandika jina langu. Jina refu, la babu na yote. Nilingoja moyo unidunde. Haukudunda. Nilihesabu vifungo vya blauzi yake: sita, kimoja cha rangi tofauti.

Nje ya mlango nikamwambia Vumilia, "Godoro langu uchukue wewe. Halina shimo."

"Hilo nalo ni la shule," akasema. "Waniletee wao wenyewe."

Akabeba sanduku kuelekea bwenini. Mimi nikamfuata hatua mbili nyuma, kwenda kufungasha langu.