Ile ya Kwanza

1.
TANGAZO
Wakazi wa Mlondo mnaarifiwa kuwa dozi mia mbili za chanjo ya korona, msaada wa serikali rafiki iliyotujengea barabara, zimefika zahanati. Mje na vitambulisho.

2.
Mbele ya foleni alisimama Mwakio, fundi cherehani mstaafu, ndani ya koti lake la kanisani. Muuguzi aliyeshika sindano alikuwa bintiye, Wakesho.

"Baba, rudi nyumbani."

"Kwa nini?"

"Hii siiamini. Serikali yao huficha mambo hata kwa watu wao. Subiri ile ya nchi nyingine, mwezi ujao. Balozi wao ameahidi redioni."

"Barabara ya hawa naipita kila siku, mwanangu. Haijaniua."

"Nakuomba, baba."

Mzee akaushusha mkono wa koti, akaufunga kifungo.

3.
Yaliyosikika kwenye foleni:
— Sista kamrudisha babake mwenyewe!
— Basi mimi nangoja nini hapa?

4.
Waliochanjwa: wanne.
Dozi zilizobaki: zimerudishwa mjini.

5.
Mwezi ujao.

Mwezi ujao.

Mwezi

6.
KWA WASIMAMIZI WA ZAHANATI
Shehena iliyoahidiwa imeahirishwa. Serikali mfadhili imeamua kutosheleza kwanza mahitaji ya raia wake. Tunathamini uvumilivu wenu.

7.
Jumanne mzee alianza kukohoa. Ijumaa hakuweza kulala chali. Jumapili Wakesho alimshika mkono, glavu zikiwa katikati yao.

"Imefika?"

"Iko njiani, baba."

"Basi hao watu wako ni wa"

Pumzi haikumtosha kumaliza.

8.
Walimzika watu tisa.

9.
Wewe unayesoma, usiharakishe kumhukumu. Huenda nawe kuna serikali ya mbali uliyoipenda kwa sababu ya sauti tu ya redioni.

10.
Wale wanne waliochanjwa:
Mzima.
Mzima.
Mjamzito, mzima.
Mzima, miaka themanini na mmoja.

Wakesho aliisoma orodha hiyo akiwa amesimama. Kisha akakaa sakafuni.

11.
Shehena ya pili ilifika wiki sita baada ya mazishi, imebakiza siku kumi na tisa kuharibika. Balozi alikuja nayo, na bendera, na mpiga picha.

"Sista, inua kichupa, nembo ionekane. Tabasamu kidogo."

Aliinua.

12.
Magari yalipoondoka, alibaki Mkamburi, jirani aliyemwosha mama yake Wakesho alipokufa. Alikaa kwenye kiti, akapandisha mkono wa blauzi.

"Mwanangu, hii ya hawa ni nzuri?"

"Ni nzuri, mama."

"Na ile ya kwanza, uliyomkataza baba yako?"

Nje, dirishani, watu waliacha kuzungumza. Wakesho aliirudisha sindano kwenye sinia. Alijua jibu: wale wanne walikuwa wazima. Alijua pia kwamba akilisema leo, huenda hawatamwamini tena, wala yeye, wala balozi yeyote.

"Ile ya kwanza," alisema, "ile ya kwanza ilikuwa"