Tingatinga la Chini ya Dirisha

Kwetu Yakutia, kwenye baridi ya Siberia inayogandisha hata oili, mtambo ukishawashwa Oktoba hauzimwi mpaka Mei. Hata mtoto anayenyonya analijua hilo. Aykhal, mume wa dada yangu Tuyaara, alilijua kuliko sisi sote, na bado akalizima tingatinga lake katikati ya Januari.

Alilizima kwa mapenzi. Tuyaara alikuwa na homa ya mapafu, na lile zee lilinguruma chini ya dirisha lake usiku na mchana.

"Aykhal, nizimie hilo dude nilale kidogo tu," alimwomba.

Akamzimia. Tuyaara akalala, maskini, kwa mara ya kwanza tangu augue.

Asubuhi alikuwa akihema kwa shida. Theluji iliyopeperushwa na upepo ilikuwa imeziba njia ya hospitali, na ukungu wa baridi ulizuia helikopta. Tingatinga la kuifungua njia lilikuwa limeganda, nikaitwa mimi, fundi.

Injini tuliipasha kwa moto, ikakubali. Gia ndiyo iliyogoma. Aykhal aling'ang'ana na mkono wa gia huku anatukana.

"Linanguruma, Uybaan! Mbona haliendi?"

"Injini imepata joto, giaboksi bado. Oili humo imeganda kama siagi. Ukilazimisha utavunja meno. Subiri, shemeji."

"Nisubiri nini? Humsikii anavyokohoa?"

"Namsikia. Ni dada yangu."

Nikajaza makaa kwenye karai niliweke chini ya giaboksi. Desturi yetu ni kuulisha moto kwanza, kipande kidogo cha siagi. Aykhal alitupia motoni kopo zima. Siku nyingine ningemtania kwamba moto utavimbiwa. Tukafunika turubai, tukangoja.

Gia ilipoingia na minyororo ikasogea, tulipiga kelele kama watoto. Tukakimbilia ndani kumchukua. Mama alikuwa ameshamfunika uso.

Njia ya kwanza tingatinga lile kuifungua ilikuwa ya makaburini.

"Ulimpa usingizi, shemeji," nilimwambia tukirudi. "Sisi wengine hatukumpa hata hicho."



Sasa ni Mei. Barafu ya mto imepasuka, na mitambo yote kijijini imezimwa. La Aykhal bado linanguruma chini ya dirisha lile. Jana majirani walinisihi nikamwambie alizime. Nilikwenda mpaka mlangoni pake, nikarudi.